Siku nilivuta muganga mpaka ku baskile ya mupunga

Wandugu wa grupe, leo nimepata haya. Haiko ile haya ya kidogo unafunikaka na mukono. Ni haya ya watu wengi, na magunia juu.

Musianze kutuma vichwa vya kucheka. Mungoje nimalize. Kiisha mutacheka, nawajua.

Munajua mi ninafanya kazi ku depo ya mupunga, kule chini karibu na mutoni. Mi njo ninasimamiaka baskile. Wakulima wanaleta magunia, mi naweka juu, mushale inatembea, nasoma, naandika. Masomo sikumaliza. Kusoma nilijifunza mwenyewe, juu ya maandiko ya magunia, na leo hakuna namba inanishinda. Ile baskile ninaipenda sawa ndugu yangu. Mutu akiisema mubaya, amenisema mi.

Mwaka jana Mama Feza, mukulima wa Lokandu, alisema eti mupunga yake kwake inakuwaka mingi, ikifika kwetu inapunguka. Ooo! Nilimurukia na maneno mpaka watu wa pirogi, mitumbwi ya mutoni, walisimama kusikiliza. "Mama, mupunga inakaukaka njiani! Maji inatoka! Baskile haiko na mudomo ya kukula!" Akaenda zake. Patron, mwenye depo, akanipiga bega: "Zaina, weye njo mutu wangu." Siku ile nilirudia nyumbani nikitembea katikati ya njia, pikipiki zinanikwepa.

Sasa habari ya mwili yangu.

Mama yangu haiko na muchezo na chakula. Wakati ya vita nilikuwa na miaka ine. Muji ilifungwa, shamba zikabakia ngambo ya watu wa bunduki, hakuna kwenda kulima, hakuna kwenda kuvuna. Tulikula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi. Sombe ikaisha, tukakula majani haiko na jina. Vita ilipoisha mama akaapa: huyu mutoto, mufupa yake haitaonekana tena. Na mama akiapa, ameapa. Bugali yangu ilikuwa sawa kichwa ya mutu mukubwa. Nikimaliza, pembeni kuko sahani ya pili inaningoja, imefunikwa vizuri. Watu wakipita wanasema, "Mama Zaina, mutoto amejaa!" na mama anajibu, "Ni Mungu," lakini unaona kabisa kama anazani ni yeye. Kila kilo yangu ilikuwa diplome yake.

Mpaka siku moya, miaka mbili sasa, kichwa ikanizunguka palepale ku kazi. Nikakaa juu ya gunia ya mutu, nikashindwa kusimama. Wakanipeleka santre ya afya. Muganga Rosa (ni mwanamuke, mufupi, anaongeaka polepole sawa hana haraka na kifo ya mutu) akanipima. Tansio, presha ya damu, iko juu. Kilo mia moya na tatu.

"Zaina, uko na miaka ngapi?"

"Makumi mbili na sita."

"Hii tansio iko na miaka makumi sita. Shuka mpaka makumi munane. Ukifika, simama pale."

Na ile wiki balansi ya santre ikaharibika. (Haiko mi niliivunja. Mi nilikuwa mutu ya mwisho kupanda, ile ni kweli. Lakini haiko mi.) Muganga akasema, "Utafute fasi ingine ya kujipimia." Nikacheka. Mutu wa baskile atafute baskile?

Wiki ya kwanza nikakata bugali nusu, nikaacha kupanda pikipiki, nikatembea na miguu toka nyumbani mpaka depo. Siku ya Posho, juma mosi, depo imefungwa, nikapanda ku baskile yangu. Mushale ikasimama: makumi tisa na mbili.

Kilo kumi na moya! Siku saba! Nikapiga kelele mpaka patron akatoka mbio mu bilo yake na fimbo, anazani mwizi. (Mi nilijisemea: kumbe niko na kipaji. Kumbe mwili ilikuwa inangoja tu amri yangu.)

Kuanzia pale hakuna mutu aliniweza. Kupunguza ni vita, na mi munanijua, napenda vita. Mutu akiniletea beinye, mandazi ya mafuta, nyumba nzima inasikia nikikataa. Kila Posho naandika namba na mukaa nyuma ya mulango yangu. Nikafika makumi munane, nikasikia utamu, nikapita. Makumi saba na saba. Makumi saba na ine.

Njo mama akasoma mulango.

Hakugomba. Mama akigomba ni afya. Alikaa chini na akaanza kulia. "Muganga alisema makumi munane. Weye uko unaenda wapi? Unarudia kule tulitoka?"

Nikasimama. Palepale. Nilienda kwa muganga, akapima tansio, akaniangalia mbele na nyuma, akasema, "Kilo sijui, balansi bado. Lakini hii tansio inanipendeza. Bakia hapo uko. Usishuke tena, usipande."

Wandugu, kubakia!

Hakuna mutu alinifundisha kama kubakia ni kazi kuliko kushuka. Ukishuka watu wanasema, "Eeh, Zaina, umekuwaje!" Ukibakia hakuna anasema kitu. Utasema nini? "Pongezi, uko sawa jana"? Hakuna wa kupigana naye. Ni bugali ile moya, ile kilima ya kupanda kila asubui, ile sombe na mawese kijiko moya, leo, kesho, kesho kutwa. Na mi, mutu wa moto, ilibidi nikae pole sawa muganga Rosa. Na nyuma yangu mama na ile sahani ya pili. "Nimekuwekea tu. Kama hautaki, iache." Anaiweka pembeni ya mukono yangu, anaifunua kidogo, arufu inatoka. Mama!

Miezi tisa. Kila Posho: makumi saba na ine. Makumi saba na ine. Mara moya, kiisha Noeli, makumi saba na tano, nikasikia haya mbele ya mulango yangu mwenyewe, wiki ilifuata nikairudisha. Hapa najisifu kabisa, na siombi ruhusa.

Sasa tufike leo.

Kila Siku ya Tatu muganga Rosa anakusanya watu wa tansio ku santre, anawafundisha. Wiki ilipita alipata balansi mupya, ya kioo, inaandika namba na mwangaza. Akanitumia habari: "Njoo useme mbele ya watu. Wengi walipunguza, wote walirudia. Tunataka kusikia mutu alibakia."

Nikamusomea mama. Mama akafikiri sana. Kiisha akasema, "Nitaenda na miye. Muganga akisema mbele ya watu kama hii kilo yako ni afya, naacha sahani ya pili. Sitaigusa tena. Lakini akisema haiko afya, unarudia kukula kwangu sawa mbele, na haufungui kinywa ila kwa kukula."

"Ni neno yako?"

"Ni neno yangu."

Tukapeana mukono. Miezi tisa yangu yote ilikuwa mu ile mukono. Nikipoteza, narudia mia moya na tatu, na mama atanipeleka kule na kijiko, kwa upendo.

Asubui mama alivaa kikwembe ya kanisa, akakaa benchi ya mbele kabisa. Watu sawa makumi tatu. Nikasimama. Na mi ukinipa watu makumi tatu, hauninyamazishi. Nikawaeleza yote, bugali, kilima, mulango. Nikafika mwisho, nikanyanyua mikono:

"Makumi saba na ine! Miezi tisa! Haikupanda, haikushuka!"

Wakapiga mikono. Baba moya wa nyuma, mwenye kofia, akasema, "Apande tuone!"

"Ndiyo," muganga akasema. "Zaina, vua viatu, upande."

Nikavua viatu. Nikavua na kitambaa ya kichwa. Nikavua na erini za masikio, moya moya, polepole, watu wanacheka vizuri, mama anacheka. Nikapanda sawa mutu anapanda ku kiti ya ufalme.

Ile kioo ikafikiri. Kiisha ikaandika makumi munane na mbili.

Watu wa nyuma wakasimama kusoma.

Yule baba wa kofia: "Labda zile zingine amekula asubui."

Benchi zote zikaanguka na kicheko. Muganga akainama, akaangalia tena. Mama akasimama, akakuja karibu, akasoma ile namba. Uso yake sikuielewa. Nikazani ni aibu ya kuzaa muongo.

Na hapo damu ikapanda. (Tansio, najua. Musinikumbushe.)

"Hii balansi ni mugonjwa!" nikasema. "Tena ni ya kioo! Kioo ni ya kujiangalia, haiko ya kujipima!"

"Zaina, kaa chini. Hakuna ubaya..."

"Sikai! Mi niko na baskile ya chuma, inapima mupunga ya watu toka Lokandu mpaka huku, haijaongopa hata siku moya! Twende depo! Wote! Na weye baba wa kofia, utangulie!"

Muganga akasema haiko lazima. Nikamushika mukono. Nilivuta muganga wa watu, na blusi yake nyeupe, mpaka inje. Watu makumi tatu wa tansio wakatufuata, nani ataacha kitu sawa ile? Njiani watu wanauliza, "Kuko matanga?" Wanajibiwa, "Hapana, kuko mutu anaenda kujipima." Nao wanaingia mu mustari. Tulipofika depo tulikuwa sawa mandamano.

Patron alikuwa mulangoni na kikombe yake ya chai. "Zaina? Si ulisema saa moya tu?"

"Patron, dakika mbili. Wanatukana baskile yetu."

Na mbele ya depo, amekaa juu ya magunia yake anangoja kupimiwa, Mama Feza. Siku zote za mwaka, Mama Feza alichagua leo.

Sikujali. Nikaruka juu ya baskile. Mushale ikatetemeka, ikasimama: makumi saba na ine.

"Mumeona!" Nilicheza, wandugu. Nilicheza pale juu. "Mumeona! Kioo na chuma ni nani mukubwa?"

Watu wakashangaa. Baba wa kofia akavua kofia. Muganga Rosa akasema, na ile sauti yake ya polepole, "Ngoja na miye nipande." Akapanda. Makumi tano na ine.

"Asubui hii nilikuwa makumi sita," akasema.

"Muganga!" nikasema. "Na weye umepunguka! Pongezi!"

Na nikamupa mukono. (Mungu anaona. Nilimupa mukono.)

Hapo Mama Feza akatelemuka juu ya magunia yake. Polepole sana. Akatembea mpaka ndani ya depo, akaweka kidole juu ya gunia ya sukari. Ile ya usine, ya kiwanda, ingali imeshonwa.

"Zaina, mwanangu, weye unajua kusoma. Hapa wameandika nini?"

"Kilo makumi tano," nikasoma, na sauti ya mwalimu.

"Iweke juu."

Patron akaweka kikombe chini. "Mama, sukari haiko ya kupima. Sukari haiuzishwi leo."

Na mi, mutu wake, mutetezi wake, nikasema, "Patron, uache! Tuwanyamazishe mara moya kwa siku zote!" Nikabeba gunia mi mwenyewe, na nguvu ya miezi tisa, nikaitupa juu ya baskile.

Makumi ine na tano.

Nikaangalia gunia. Nikaangalia mushale. Watu wote wananiangalia mi. Na kinywa yangu, kinywa hii haijanisaidia hata siku moya, ikajifungua yenyewe:

"Sukari imekauka."

Mama Feza akaweka mikono kiunoni.

"Sukari," Mama Feza akasema, "imekauka."

"Inawezekana..."

"Na muganga amekauka. Na weye, Zaina, toka santre mpaka hapa, ulikauka njiani. Maji ilikutoka."

Yeleee! Depo ilipasuka. Watu wanajishika mbavu, wanalala juu ya magunia. Baba wa kofia analia machozi. Nikaleta gunia ya chumvi, ya makumi tano, nikaiweka. Makumi ine na tano. Nikaelewa. Mu kila kumi, moya inapotea. Ya kwangu, ya muganga, ya sukari. Na ya mupunga, wandugu. Ya mupunga yote nilipima.

Zile kilo kumi na moya za wiki ya kwanza? Kilo moya ilikuwa yangu. Kumi zilikuwa za baskile. Kipaji!

Wakulima sasa hawacheki tena. Wanasogea. Patron akanyanyua mikono: "Wandugu, wandugu, baskile imezeeka. Chuma inachokaka sawa mutu."

Ni mama yangu alijibu. Sikujua kama alikuwa nyuma yangu. "Patron, imezeeka upande yako tu?"

Kiisha akanigeukia mi.

"Na magunia yangu ine ya mupunga ya mwaka jana, Zaina? Zile ulipima na mukono yako?"

Hapo, wandugu. Hapo njo nilikufa. Sababu mwaka jana mama aliniuliza, "Ni hizi tu?" na mi, mutoto wake, nilimujibu mbele ya watu, "Mama, inakaukaka njiani." Toka nyumba yetu mpaka depo mutu akiita jina yako unasikia. Inakauka wapi? Nilimutukana Mama Feza, nilimukausha mama yangu, na kila jioni nilirudia nyumbani na kifua mbele. Mi mwenyewe nilisoma ile mushale misimu tatu. Sikuiba, sikujua. Lakini mukono ilikuwa yangu.

Nilitaka ardi ifunguke. Ardi ya depo ni simiti.

Mama akamuuliza muganga, "Ile ya kweli ni gani? Ya kioo?"

"Ya kioo, mama."

"Makumi munane na mbili?"

"Makumi munane na mbili. Mi nilimuomba makumi munane. Na tansio yake miezi tisa haijanisumbua." Muganga akaongea na nguvu, kwa mara ya kwanza tangu nimujue, watu wote wasikie. "Hii baskile iliiba, lakini iliiba sawasawa kila wiki. Namba ilikuwa ya uongo. Kubakia ilikuwa ya kweli. Mama, mutoto wako yuko na afya."

Na mama akapiga kigelegele.

Mu depo! Kati ya wakulima wenye kasirani! Akanishika mikono, akanifinya hapa, akanifinya hapa, sawa mutu anachagua kuku sokoni. "Kilo munane! Nilizililia miezi tisa, kumbe ziko! Ziko hapa! Angalieni!" Akawageukia watu wote, hata wale hawakumuuliza. "Wakati ya vita nilimubeba huyu mugongoni tukikimbia, na sikumusikia. Munaelewa? Mutoto mugongoni na haumusikii uzito. Nilikuwa nasimama njiani natupa mukono nyuma kugusa kama angali pale. Makumi munane na mbili! Muniite mwongo!"

Na akajaribu kuninyanyua. Mbele ya wote. Akanizungusha mikono kiunoni, akavuta. Miguu yangu haikuacha simiti hata kidogo, na mama akacheka sawa musichana. "Haiwezekani! Haiwezekani kumubeba!"

Wakulima waliokuja na kasirani walianza kucheka tena, wengine wanapangusa macho. Hata Mama Feza. Mi sikujua nicheke ao nilie, nikafanya yote mbili, pua inatoka.

Patron akakuja pembeni ya sikio yangu. "Zaina, waambie watoke kidogo. Tutaongea ndani, mi na weye."

Nikamuangalia. Huyu mutu alinipa kazi na sina hata karatasi moya ya masomo. Njo maana nilimupigania. Nilitukana watu wazima juu yake, kila musimu, bila hata kuniomba.

"Hapana, Patron," nikasema. "Mi nilikutetea inje. Na weye utaniambia inje."

Akarudia kuchukua kikombe yake.

Basi nikakaa. Nikatoa gunia ya chumvi, nikakaa juu ya baskile, miguu nimekunja. "Hakuna gunia itapita hapa mpaka fundi wa gare ya treni akuje ainyooshe, na sukari isome makumi tano. Na magunia ya kwanza kupimwa ni ya Mama Feza. Anayetaka kunitoa hapa, anibebe. Mama yangu ameshindwa."

Wakapiga mikono kuliko kule santre. Patron akamutuma mutu ku gare.

Mama Feza akakuja akasimama mbele yangu. "Na yale maneno ya mwaka jana?"

"Mama Feza, unisamehe."

"Sikusikia."

"Unisamehe, mama!"

"Miye nimesikia. Watu wa pirogi hawajasikia. Siku ile walisikia vizuri."

Nikaita samahani na sauti yote mpaka ngambo ya mutoni. Kuko mutu kule alijibu, "Amesameheeewa!" sijui ni nani, Mungu amubariki.

Sasa ni saa tisa. Fundi bado, wanasema anamaliza kwanza chakula. Nawaandikia haya nikiwa ningali nimekaa juu ya baskile, matako imekufa. Baba wa kofia amekataa kwenda nyumbani, eti anataka kuona mwisho. Muganga amerudia kazi yake, lakini mbele ya kwenda ameniambia Siku ya Tatu ikuyayo nikuje tena kusema, na nipunguze kelele.

Mama alienda, akarudia na chakula. Sahani moya. Bugali moya, sombe, na kipande ya samaki. Nikaangalia nyuma yake, nikaangalia chini ya kikwembe. Hakuna ingine. Akaniona naangalia.

"Unatafuta nini? Muganga amesema mbele ya watu."

Nimekula yote, polepole, na haijawahi kutosha sawa leo. Sasa mama amekaa juu ya gunia ya Mama Feza, mbele ya mushale, wote wawili wanaisoma sawa habari ya redio. Kila mutu akiingia mama anamuambia, "Inasema makumi saba na ine, lakini uongeze munane."

Basi mucheke, siwezi kuwakataza. Lakini musinichekeshe miye: nikitikisika tu mushale inapanda, na kila ikipanda mama anapiga kigelegele.